Paka wa MTM: nembo ya televisheni ninayoipa alama zote

Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asihangaike: katika nembo zote za kampuni zinazotengeneza vipindi vya televisheni, sijaona iliyomfikia paka wa MTM. Kipindi kimekwisha, majina ya waliokitengeneza yamepita, halafu anatokea paka mchanga wa rangi ya chungwa ndani ya duara, pamoja na herufi tatu, MTM. Anafungua mdomo. "Nyau." Basi. Ni sekunde chache, na ukishamwona mara moja humsahau.

Mimi ni mhariri wa video, Kinondoni. Nakata harusi, sendofu, kicheni pati, na filamu za Bongo mtu akija nazo. Kwa wengi nembo ni ule muda wa kunyanyuka kwenda jikoni; mimi hapo ndipo ninapokaa vizuri kwenye kiti. Karibu kila mtayarishaji mpya anayeingia ofisini kwangu tayari ana jina la kampuni, na nembo anayoitaka ni ileile ya mwenzake wa jana: "Dada, weka dunia inazunguka, jina letu litoke na moto, mwisho piga radi." Namwekea, hela ni yake. Lakini kabla sijagusa kitu namkalisha kwanza, namwonyesha huyu paka, na kumweleza haya ninayoyaeleza hapa.

MTM ni Mary Tyler Moore, mwigizaji wa Marekani aliyeanzisha kampuni hiyo mwaka 1969 pamoja na mumewe wa wakati ule, Grant Tinker. Kipindi chao cha kwanza kilibeba jina lake, The Mary Tyler Moore Show, na kituo cha televisheni cha CBS kilianza kukirusha tarehe 19 Septemba 1970. Humo anacheza Mary Richards, mwanamke wa miaka thelathini, hajaolewa, anayehamia Minneapolis na kuanza kazi katika chumba cha habari cha kituo cha televisheni ambacho hakina watazamaji wengi. Shangazi yangu anaishi hukohuko, katika jimbo la Minnesota ulipo mji huo, na ndiye aliyeniletea DVD zangu za kwanza. Pia alinipigia picha ya sanamu ya shaba ya Mary, iliyosimamishwa mwaka 2002 katika barabara ya Nicollet Mall: amenyoosha mkono juu, anarusha kofia yake kama anavyofanya mwanzoni mwa kila kipindi. Mtu ambaye hakuwahi kuishi amesimamishiwa sanamu mjini. Nadhani hilo linatosha kukueleza kipindi kile kilipendwa kiasi gani.

Sasa ziangalie herufi zenyewe. MTM na MGM zinakaribiana sana. MGM ni studio kubwa ya Hollywood, na tangu mwaka 1924 filamu zake zinafunguliwa na simba ndani ya duara lenye maneno ya Kilatini; ngurumo yake iliongezwa mwaka 1928. Hata huku kwetu simba yule tulimjua kwenye mikanda ya VHS, kabla hatujajua hata kusoma jina la studio. Watu wa MTM wakalichukua duara, wakamtoa simba, wakamweka mtoto wa paka aliyetoka kwenye makazi ya wanyama wasio na mwenyewe. Jina lake aliitwa Mimsie.

Ukiishia kwenye utani wa kumwiga simba, unakuwa umeliona nusu tu la jambo. Mimi ninachokithamini ni kipimo. Kampuni ilikuwa changa, ina kipindi kimoja, na kipindi chenyewe kinahusu watu wa kawaida wanaogombana ofisini kisha wanapatana. Ukimaliza dakika ishirini na tano za kicheko cha namna hiyo halafu ukapigwa ngurumo, unafukuzwa kwenye nyumba uliyokuwa umekaribishwa vizuri. "Nyau" inakusindikiza hadi mlangoni. Sauti ya nembo iko kiwango kimoja na sauti ya kipindi, na jambo hilo dogo, nawaambia wateja wangu kila siku, ndilo linalowashinda wengi.

Liliwashinda hata wakubwa. Chukua Screen Gems, tawi la televisheni la studio ya Columbia. Mwaka 1965 walianza kutumia nembo mpya, mistari inayokuja kuunda herufi S yenye kitone katikati, na muziki wa mashine za umeme uliotungwa na Eric Siday. Kwa kuitazama tu ni kazi safi sana ya usanifu. Lakini ilikuwa inakuja baada ya vichekesho vya familia kama Bewitched, na ile sauti kali, tupu, ikawaingia watoto kama kitu kinachowanyemelea. Wamarekani waliokua miaka ile waliibatiza S ya Jehanamu, na mwaka 2010 ikatengenezwa hadi filamu fupi kuhusu hofu hiyo. Viacom, kampuni nyingine ya televisheni, nao mwaka 1976 wakaja na V inayokukimbilia usoni huku ikizidi kuwa kubwa. Hiyo nayo ikapewa jina la maangamizi. Siwadharau wabunifu wake. Walijua kazi, ila walitengeneza nembo peke yake, kama vile hakuna kipindi kilichotangulia. Mtoto ameketi na wazazi wake, amecheka, halafu dakika ya mwisho anajificha nyuma ya kochi.

MTM walianza vizuri, na baadaye wakafanya kitu ambacho sikuwa nimekiona kwingine: walimruhusu paka ajue yuko kwenye kipindi gani. Miaka ya 1970 alikuwa yuleyule kwa vichekesho karibu vyote. Kisha kampuni ikaanza kutengeneza tamthilia nzito, na Tinker mwenyewe mwaka 1981 akaondoka kwenda kuongoza NBC, kituo kilichokuja kurusha nyingi kati ya hizo. Mwaka huo ndipo Hill Street Blues ilipoanza, tamthilia ya kituo cha polisi katika mji uliochoka, wahusika wengi, visa vinavyoingiliana, kamera inayotembea kama mtu aliyechelewa. Mwishoni anakuja Mimsie, amevaa kofia ya polisi.

Nimeisimamisha picha hiyo kwenye kompyuta na kuikuza. Paka ni yuleyule, mdomo unafunguka vilevile, duara ni lilelile. Kofia imebandikwa juu ya picha ya zamani. Hawakumpiga picha upya. Na hapo ndipo akili ya kazi ilipo, kwa sababu mtazamaji alishamzoea kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo badiliko dogo kabisa lilitosha. Kama nembo yako inabadilika kila filamu, mtu hana cha kulinganisha. Acha kitu kimoja kitulie kwa miaka, na kofia tu itakuwa habari.

Mwaka 1982 ikaja Remington Steele, ya Pierce Brosnan kabla hajawa James Bond. Ni tamthilia ya upelelezi yenye mapenzi na maringo mengi, na paka akavalishwa kofia ya Sherlock Holmes na kutiwa kiko mdomoni. Akilia nyau, kiko kinadondoka. Hii ndiyo ninayowaonyesha wateja kwanza, kwa kuwa haihitaji maelezo. Ina mwanzo, kati na mwisho ndani ya muda wa kupiga chafya, tena inaeleza tabia ya kipindi chote: mwanamume mmoja anayevaa umaridadi wa upelelezi ambao si wake, na kila mara kitu kinamponyoka.

Mwaka huohuo 1982 wakaanza Newhart, kichekesho ambamo Bob Newhart na mkewe wa kwenye hadithi wanaendesha nyumba ya wageni kijijini Vermont. Bob Newhart ni mchekeshaji wa sauti baridi, anayesema jambo la ajabu kama anasoma stakabadhi. Kwenye nembo ya kipindi chake paka hakuvalishwa kitu chochote. Alifungua mdomo kama kawaida, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Bob mwenyewe, anasema "nyau" kwa uchovu uleule wa kwenye kipindi. Picha haikuguswa, sauti tu ndiyo iliyobadilishwa. Wahariri wenzangu wanaodhani ubunifu ni kuongeza mwanga na moshi waisikilize hiyo mara mbili.

Na sasa St. Elsewhere, ambayo ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika.

St. Elsewhere ilianza Oktoba 1982 NBC. Ni tamthilia ya hospitali ya kufundishia huko Boston, jina lake St. Eligius, jengo la zamani, vifaa vya kuungaunga, wagonjwa ambao hospitali nyingine zimewasukuma. Denzel Washington alikaa humo miaka yote sita kama Dk. Phillip Chandler, kabla ya dunia kumjua. Kilichonishika ni kwamba watu wanakufa, na hawafi kwa mpango. Mhusika unayempenda anaweza kuondoka katikati ya msimu, na kesho yake wenzake wanaingia zamu. Aliyewahi kulala benchi la hospitali akisubiri mgonjwa wake ataielewa haraka.

Mwishoni mwa kila kipindi Mimsie alitokea amevaa barakoa na mavazi ya chumba cha upasuaji. Mdomo wenyewe huuoni, na sauti inatoka nyuma ya kitambaa. Kwa tamthilia iliyojaa huzuni, mtu mwingine angeogopa kumweka paka wa kuchekesha mwishoni. Lakini madaktari wa St. Eligius wanataniana kwenye korido hata siku mbaya kuliko zote, kwa hiyo paka mwenye barakoa anakuwa mmoja wao. Ukitoka kwenye kifo unakutana naye, na mabega yanashuka kidogo.

Sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 25 Mei 1988. Watu wengi wanaizungumzia kwa kile kilichotokea mwishoni mwa hadithi: hospitali nzima, na miaka yote sita, inaonekana kuwa ndani ya mawazo ya mtoto, Tommy Westphall, aliyeshika tufe la kioo lenye theluji na jengo dogo ndani yake. Bado watazamaji wanabishana kuhusu hilo. Mimi nakuomba usiondoke hapo. Kaa utazame majina yanavyopita. Kwa wiki zote zilizotangulia paka alikuja baada ya majina, akalia, akaenda. Safari hii yupo chini ya majina tangu mwanzo, amelala, amefungwa mirija ya dripu, na pembeni yake kuna mashine ya mapigo ya moyo. Majina yanapita na mashine inapiga mlio wake. Majina yakifika mwisho, mlio unakuwa mmoja mrefu na mstari unanyooka.

Nilipoiona mara ya kwanza nililia, na sioni aibu kusema hivyo. Ni paka wa nembo, lakini kwa karibu miaka kumi na minane ndiye aliyekuwa akitoa neno la mwisho nyumbani mwa watu, na sasa wakampa nafasi ya kuaga yeye mwenyewe. Wapo wanaoona ni ukatili, hasa kwa watoto, na ninaelewa wanachosema. Singeiweka mbele ya mwanangu wa miaka sita bila kukaa naye. Hata hivyo nasimama upande wa waliofanya hivyo. Tamthilia ambayo kwa miaka sita ilikataa kudanganya kuhusu kifo isingeweza kumwacha paka akilia nyau kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimsie mwenyewe, paka wa kweli, alikufa mwaka huohuo.

Kuanzia hapo habari ya MTM ni ya kuuzwa na kuuzwa tena, nami nitaipita upesi kwa sababu haina raha. Mwaka 1988 kampuni ilinunuliwa na TVS, kituo cha televisheni cha kusini mwa Uingereza, kwa dola milioni 320. TVS ikapoteza leseni yake ya utangazaji nyumbani, ikafunga matangazo mwisho wa mwaka 1992, na MTM ikaenda kwa International Family Entertainment ya Marekani mwaka 1993. Mwaka 1997 hao nao wakanunuliwa na Fox, na tangu 2019 hazina ile yote iko chini ya Disney. Kila mwenye mali akaongeza muhuri wake. Leo ukitazama marudio, paka anamaliza kulia na papo hapo nembo nyingine inamfuata na tarumbeta zake. Zile tarumbeta ni nzuri mahali pake. Baada ya Mary kuzima taa ya ofisi, zinaumiza.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi programu za kutazama mtandaoni zinavyoyatendea majina ya mwisho, na hili halihusu kampuni moja. Majina yanaanza tu, picha inapunguzwa ikawa dirisha dogo kwenye kona, tangazo la sehemu inayofuata linajaa kioo, na saa inahesabu kurudi nyuma. Mtu anaweza kumaliza misimu yote ya Newhart bila kujua kwamba kuna paka. Kabla hujaanza, ingia kwenye mipangilio ya akaunti, uzime kucheza sehemu inayofuata yenyewe. Ukiona picha imepunguzwa, gusa dirisha lenyewe, mara nyingi litarudi kujaa kioo.

Je, MTM hawakuwa na wapinzani? Walikuwapo, na wawili nawaheshimu. Stephen J. Cannell, aliyetuletea The A-Team, alijiweka mwenyewe kwenye nembo: anachapa kwenye taipureta, anachomoa karatasi, anairusha, na karatasi inaruka na kugeuka kuwa herufi C. Miaka ilivyopita picha ile ilipigwa upya mara kadhaa, kwa hiyo unamwona mtu akizeeka na chumba chake kikijaa. Ni nembo ya mwandishi anayejivunia kwamba kila kitu kimeanzia kwenye karatasi, na hapo namvulia kofia. Wa pili ni Gary David Goldberg wa Family Ties, aliyemweka mbwa wake Ubu na sauti inayomwambia akae, kisha inamsifu, kisha mbwa anabweka. Ina upendo wa kweli. Lakini Cannell anamaliza The A-Team na tamthilia nyingine yoyote kwa namna ileile, na Ubu anabweka vilevile baada ya furaha na baada ya msiba. Mimsie peke yake ndiye aliyekuwa amekitazama kipindi pamoja nasi.

Kwa anayetaka kununua: Hill Street Blues yote ilitoka kwenye DVD mwaka 2014, na St. Elsewhere ilitolewa msimu wa kwanza mwaka 2006. Ukiagiza kwa ndugu aliyeko Marekani, kumbuka diski za kule zina alama ya kanda (yaani eneo la dunia zilikokusudiwa kuchezwa) namba 1, na sisi Afrika Mashariki tuko kanda namba 5. Deki ya kawaida uliyonunua Kariakoo inaweza kuikataa. Uliza deki inayokubali kanda zote, na hakikisha inasoma NTSC, mfumo wa picha za televisheni wa Wamarekani, maana huku tumezoea PAL. La sivyo unaweza kupata picha ya rangi ya kijivu au inayoruka. Mimi nazichezesha kwenye kompyuta kwa programu ya VLC, na kwa kazi ya kusimamisha na kukuza hakuna njia nzuri zaidi.

Usianze na mwisho wa St. Elsewhere, hautakuingia bila kuwajua wale madaktari. Anza na msimu wa kwanza wa Mary Tyler Moore umzoee paka akiwa hana kofia wala barakoa. Kisha nenda Remington Steele kwa ajili ya kiko. Ukishafika Newhart, vumilia hadi sehemu ya mwisho ya Mei 1990. Humo kuna ndugu wawili, wote wanaitwa Darryl, ambao kwa miaka yote hawajasema neno hata moja, na dakika za mwisho wanafungua midomo kwa pamoja kuwafokea wake zao: "Kimya!" Subiri majina yaishe. Paka anatokea, anafungua mdomo, na zinatoka sauti za wale Darryl wawili na neno lao lilelile.